Dawa za TB: Kikohozi kimeisha, mbona bado unaambiwa umeze?

Wiki chache baada ya kuanza dawa za kifua kikuu, homa hukata, jasho la usiku huisha na hamu ya kula hurudi. Hapo ndipo mgonjwa hujiona fiti, na vidonge huanza kusahaulika kabatini.

Shida ni kwamba bakteria wa TB huzaliana taratibu mno, na baadhi yao hutulia tu mwilini, hivyo dawa huchelewa kuwamaliza. Ndiyo maana tiba ya kawaida huchukua miezi 6: miwili ya mwanzo ni dawa nne kwa pamoja, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Akiacha njiani, bakteria waliobaki wanaweza kuibuka wakiwa sugu. Na atakayeambukizwa naye hupokea TB ambayo tayari ni sugu.

Kuna jambo lingine linalotisha watu kweli, na lingepaswa kusemwa siku ya kwanza kabisa: mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa. Hiyo si damu. Ni rifampisini, ambayo hubadili hata rangi ya jasho na machozi. Mtu asipoambiwa mapema, anaweza kutupa dawa akidhani zinamuua.

Dalili za kukimbilia kituoni ni nyingine: macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo au kuanza kuona ukungu. Miguu ikifa ganzi nayo isemwe, maana vitamini B6 husaidia. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wamwambie mhudumu, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu yake.

Nyumbani je? Kumtengea mgonjwa sahani na kikombe hakumkingi mtu. TB husafiri kwa hewa, kwa kukohoa, kupiga chafya, hata kuongea. Kinachosaidia ni madirisha wazi, kufunika mdomo na kumeza dawa. Watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi naye wapelekwe kupimwa hata kama hawakohoi. Wasipokutwa na ugonjwa, hupewa dawa za kinga.

Nchini Tanzania dawa za TB hutolewa bure kwenye vituo vya umma. Anayesafiri aage kituoni kwanza, apewe dawa za kutosha au barua ya kuendelea na tiba huko aendako.