Mfumo wa majaribio ukianguka, toa taarifa kabla ya kutengeneza

SISI tuliosomea Katumba, Tanzania, kisha tukarejea Burundi, tunajua uchungu wa kupotelewa na cheti. Siku hizi vyeti hivyo, pamoja na hesabu za wafanyabiashara wa Kobero, vinatunzwa kwenye kompyuta. Ndiyo maana watu wazima ninaowafundisha huniuliza: mfumo wa kutunza mafaili ukianguka, tufanyeje?

Mfumo huo ni daftari ambamo kompyuta huandika kila faili limewekwa wapi. Chukua mfano wa Btrfs, ulioanzishwa mwaka 2007 na Chris Mason akiwa katika kampuni ya Oracle, ukaingizwa katika Linux mwaka 2009 ukiwa bado wa majaribio. Mfumo huu huandika ukurasa mpya kwanza, ndipo huuacha ule wa zamani, kama mwenye duka makini anavyofanya na daftari la madeni. Umeme ukikatika katikati, ukurasa wa zamani bado upo.

Hata hivyo, mwanzoni diski kujaa tu kuliweza kuiangusha kompyuta nzima. Waliosaidia mfumo kupona ni watumiaji waliojua kutoa taarifa.

Kusema "imeharibika" hakumsaidii fundi. Linux ikianguka huacha maandishi yanayoonyesha kazi iliyokuwa ikifanyika na zile zilizoiita, moja baada ya nyingine. Yanakili yote, hata kwa kupiga picha skrini. Taja toleo la Linux, ulichokuwa ukifanya, na kama tatizo hujirudia ukifanya vilevile. Likijirudia, fundi naye ataliona kwake na kulifuata hatua kwa hatua. Akishalitibu, hutungwa jaribio la kudumu ili lisirudi kimyakimya.

Usikimbilie kutengeneza. Programu ya ukaguzi ya Btrfs ina amri ya kurekebisha, lakini maelezo yake yenyewe yanaonya isitumiwe bila ushauri wa mjuzi, kwani yaweza kuongeza uharibifu. Nakili diski kwanza. Ipo pia programu iitwayo btrfs-image, ambayo huchukua muundo wa daftari bila yaliyomo ndani ya mafaili, na hata majina yake yaweza kufichwa. Fundi ataona kasoro bila kusoma madeni ya wateja wako.

Pima pia kumbukumbu ya kompyuta. Biti moja ikigeuka humo, kosa huandikwa kwenye diski na lawama ikaangukia programu isiyo na hatia.

Btrfs ulikomaa: mwaka 2020 Fedora 33 iliufanya mfumo wake wa kawaida kwa kompyuta za mezani. Lakini ulichukua miaka, na mingine ya majaribio haifiki huko. Ndugu mfanyabiashara, jaribu mambo mapya na utoe taarifa yakikwama, ila nakala pekee ya hesabu zako usiiweke humo.