Hifadhidata za Mwingiliano wa Molekuli na Fumbo la Majengo

Majengo, katika eneo la Pumwani, ni miongoni mwa mitaa ya kale ya Eastlands jijini Nairobi. Mnamo mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono mtaani humo. Baadhi yao walibaki bila virusi vya UKIMWI licha ya kukabiliwa na hatari hiyo kwa miaka mingi. Kwa kutumia fumbo hilo, makala haya yanaeleza kazi na mipaka ya hifadhidata za mwingiliano wa molekuli.

Virusi hivyo huingia katika seli kwa hatua. Protini yao iitwayo gp120 hushikana na protini ya CD4 iliyo juu ya seli ya kinga, kisha na nyingine, hasa CCR5. Katika hifadhidata kama IntAct, iliyoko Hinxton, Uingereza, mwingiliano huchanganuliwa katika vipengele: utambulisho wa kila molekuli, kiumbe ilikotoka, mbinu ya jaribio, na chapisho lenye ushahidi. Molekuli inayotumiwa kunasia huwa chambo; inayonaswa huwa windo.

Ili hifadhidata mbalimbali zielewane, muundo wa pamoja ulichapishwa mwaka 2004, ukiwa na istilahi sanifu. Istilahi hizo hutofautisha molekuli zinazogusana moja kwa moja, zinazopatikana katika kundi moja, na zilizoonekana mahali pamoja tu. Mwanafunzi wa Kiswahili ataitambua tofauti hiyo: kushikana, kuandamana na kukaa pamoja si mamoja. Anayevichanganya vitenzi hivyo huupotosha ushahidi wenyewe.

Hata hivyo, rekodi sahihi haitoshi kufumbua kila fumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba seli za wanawake hao ziliweza kuambukizwa maabarani. Kushikana kwa gp120 na CD4 kulibaki kweli, ila hakukueleza kinga yao. Watafiti walichunguza pia seli za T zinazotambua vipande vya virusi. Vipande vya aina hiyo huorodheshwa katika hifadhidata ya Los Alamos, Marekani, pamoja na molekuli za HLA zinazovibeba.

Aghalabu, nyuma ya rekodi za namna hiyo ipo damu iliyotolewa na mtu. Ni wajibu wa wanaisimu kuzisanifu istilahi za uga huu kwa Kiswahili, ili binti wa Majengo asome kwa lugha yake yale yaliyofunzwa na damu ya mama zake.