Wakikufungia njia kwa baraji, usikimbie, usikasirike

Wandugu, kiisha kazi wengi wetu tunakaaka na karata. Bridge, tuseme ukweli, haiko muchezo wa kila lupango. Lakini iko na somo moja lenye mufanyakazi wa mugodi anaweza kubeba: namna ya kujilinda kama mutu anapandisha bei mapema juu usipate nafasi ya kuzungumuza.

Kwanza muchezo wenyewe, vile Mumarekani Harold Vanderbilt aliupanga mwaka wa 1925. Wachezaji ni wane, wawili kwa wawili, na mwenye kukaa mbele yako njo mwenzako. Kila mutu anapata karata 13. Kila mara wane wanatupa moja moja, na ile kubwa inabeba: hiyo njo leve. Mbele ya kucheza kuna mazungumuzo. Munapanda kidogo kidogo, 1 trefle, 1 kere, 1 pike, na kila neno linamwambia mwenzako kitu. Nguvu tunahesabia kwa pointi: asi 4, mufalme 3, dame 2, vale 1. Zote pamoja 40.

Sasa, adui anafungua moja kwa moja: «3 karo!» Anaahidi leve 9. Wewe unafikiri iko na mali nyingi. Hapana. Kawaida iko na karo 7 na pointi chini ya 10. Anajua kama nguvu iko kwenu, njo maana anakula nafasi yenu ya kusemezana. Hiyo tunaita baraji. Ni woga amevalisha nguo ya nguvu.

Utajibu namna gani? Kuna njia ine.

Ya kwanza, kontre. Kontre hii haiko ya kupiga, ni ya kumuuliza mwenzako: «Rangi yako bora ni gani?» Inaomba karo kidogo mukononi, rangi zingine tatu, na pointi 13 ao zaidi. Mufano: pike asi, dame, 8, 4, kere mufalme, vale, 7, 3, karo 5 peke, trefle asi, 10, 6, 2. Ni pointi 14. Mwenzako iko na pike mufalme, vale, 9, 6, 2. Kere dame, 4. Karo 8, 7, 3. Trefle mufalme, 9, 5. Ni pointi 9. Anaruka paka 4 pike, na leve 10 zinapatikana. Kama ulinyamaza kwa woga, adui alikuwa amekuibia.

Ya pili, taja rangi yako kama iko ndefu na ya nguvu, na mukono wako ni muzuri. Ya tatu, sema 3 sanzatu kama una pointi 16 hivi na karata ya kuzuia karo zake. Ya ine, pase. Ukiwa na pointi 14 lakini karo ni nyingi kwako, nyamaza. Mwenzako akifanya kontre, wewe unapase tena, na adui atalipa.

Kuna makosa mawili. Moja, kufanya baraji juu ya baraji: mukono zaifu usipande juu eti kwa kumukomesha. Mbili, kuhesabu mara mbili. Mwenye kufanya kontre amekwisha kuhesabu kama mwenzake iko na pointi 7 hivi. Ukiwa nazo hizo 7, usiruke, zimekwisha kutumiwa.

Katika mashindano mengi, mutu akiruka hivi anaweka karata ya «stop», na anayefuata anangoja karibu sekunde 10 mbele ya kujibu. Hizo sekunde zimenifundisha kuliko vikao vingi.

Mwaka moja, kampuni yenye sitataja jina ilituletea karatasi tayari: primi mupya, lakini musaini leo ama hakuna kitu. Siye wa sendika tulisaini. Katika karatasi kulikuwa neno dogo, «ya muda». Kiisha miezi sita primi ikakatwa, na wamama wakatuuliza makuta ya shule itatoka wapi. Jibu hatukuwa nalo. Wengine walitaka tujibu kwa kugoma siku ileile, bila kuhesabu. Hiyo pia ni baraji juu ya baraji.

Tangu pale, mutu akinipandishia bei mapema, ninajiuliza: juu ya nini iko na haraka hivi? Mara nyingi ni juu anajua mukono wake. Ninahesabu, ninawauliza wenzangu wa chini, kiisha ninajibu. Kontre, bei yetu, ama pase. Lakini woga usisaini mahali pako.