Njia ya Reli, Njia ya Moyo: Baiskeli Kando ya Maji kwa Afya

Treni haiwezi kupanda mlima mkali. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, na kwa sababu hiyo wajenzi wa reli hukata vilima na kujaza mabonde ili njia ipande polepole. Sifa hiyohiyo huifanya reli iliyoachwa kuwa njia bora ya baiskeli: mwendeshaji hupata kazi ya wastani isiyobadilika ghafla, nao moyo haushtuliwi na mwinuko. Nchini Marekani, jimbo la Wisconsin lilianza kugeuza reli ya zamani kuwa njia ya baiskeli katika miaka ya 1960. Hispania ilianzisha mpango wa kitaifa wa namna hiyo mwaka 1993.

Afrika Mashariki nayo ina reli zilizokufa. Unguja ilikuwa na reli ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905 na kufuata pwani kutoka mjini kwenda kaskazini. Kandokando ya Ziwa Viktoria, reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928. Musoma haikufikiwa, mizigo yake ilipita majini. Hata hivyo, mgonjwa hahitaji reli yenyewe, bali sifa zake: njia tambarare, yenye magari machache na hewa safi. Mkazi wa Iringo, katika mji uliojengwa juu ya rasi inayoingia ziwani, anaweza kuchagua barabara za aina hiyo na kuviepuka vilima vya mawe, hasa asubuhi kabla jua halijawa kali. Bunda na Butiama, ambako wengi wana baiskeli ya kubebea maji na mizigo, chombo cha mazoezi tayari kimo uani.

Faida yake mwilini

Kiti cha baiskeli hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Kwa hiyo mtu mnene, au mwenye maumivu ya goti, hufanya kazi bila kishindo ambacho mguu hukipata katika kukimbia. Misuli mikubwa ya mapaja inapofanya kazi huchukua sukari kutoka damuni, hata kwa mtu ambaye insulini yake imepungua nguvu. Baada ya mazoezi mishipa hubaki imetanuka, na shinikizo la damu huweza kushuka kwa saa kadhaa.

Kiasi kinachofaa

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano hutimiza kiwango cha chini. Anayeanza aanze na dakika 10, akiongeza kidogo kila wiki. Kipimo ni rahisi: anayeendesha kwa kadiri ya wastani huweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo.

Kiti kiwekwe kwa urefu unaoliacha goti likiwa limekunjika kidogo pedali inapofika chini. Kiti kilicho chini mno huumiza goti, na lawama huangukia mazoezi.

Tahadhari

Mwenye shinikizo la damu la 180/110 au zaidi, aliyepata mshtuko wa moyo hivi karibuni, au mwenye maumivu ya kifua, aonane na daktari kwanza. Anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari kabla ya kuondoka. Ikiwa chini ya 5, ale kwanza, na njiani abebe sukari au soda. Mwenye kisukari akague miguu yake kila arudipo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuhema kusiko kwa kawaida ni amri ya kushuka mara moja na kutafuta msaada.

Ziwa lina hatari yake. Minyoo ya kichocho hupenya ngozi ndani ya dakika chache, basi mwenye joto na vumbi asijitose ukingoni, wala asioshee baiskeli akiwa amesimama majini. Aliyekwisha kugusa maji hayo mara kwa mara aende kupimwa. Dawa ya prazikwanteli hutibu.

Wajibu wa mhudumu

Wagonjwa wengi huambiwa “fanya mazoezi” kisha huondoka bila kujua ni yapi, wala kwa kiasi gani. Ushauri huo ni sawa na kumwambia mgonjwa “meza dawa” bila kuitaja dawa wala dozi. Mhudumu aandike kwenye daftari la mgonjwa: baiskeli, dakika 10, mara tatu kwa wiki, kwenye njia tambarare, kisha apime shinikizo na sukari mgonjwa anaporudi, na kupandisha kiwango. Dawa za awali ziendelee kutumiwa mpaka daktari aseme vinginevyo, kwa maana baiskeli ni mwenzi wa dawa, si mrithi wake.