Kengele ya supamaketi haijui kama umeiba

UMELIPA, risiti iko mkononi. Unapita mlangoni, kengele inalia: pii-pii-pii! Foleni nzima inageuka. "Wewe, hebu kuja hapa kando," soja anakuambia. Noma! Umekuwa mwizi na hujaiba hata peremende.

Kabla hujaanza kutetemeka, elewa kile mashine hiyo inajua. Inajua kitu kimoja tu: kuna stika hai imepita.

Chukua ile stika ya mraba inayobandikwa kwenye krimu au wembe. Ibandue uone: metali nyembamba iliyozungushwa kama konokono. Haina betri wala jina lako. Imeundwa kuitikia masafa ya redio ya MHz 8.2 hivi. Zile nguzo mbili mlangoni hurusha masafa hayo bila kuchoka. Stika ikipita katikati, inaitikia kama uzi wa gitaa unaotetema wenyewe jirani yake akipigwa. Nguzo zinahisi, kengele inalia. Kuna aina nyingine, kile kijiplastiki cheupe kirefu. Hicho kina vipande vya chuma ndani na hutetema kwa kHz 58.

Keshia ndiye anayepaswa kuziua. Kwenye kaunta kuna pedi inayounguza stika ya MHz 8.2 kwa mpigo wa nguvu. Ile ya kHz 58 huondolewa usumaku. Sasa fikiria Jumamosi jioni, watu wamejaa, keshia anaharakisha. Bidhaa moja ikipita juu juu, stika yake inatoka ikiwa hai, na anayeaibika ni wewe.

Na si lazima iwe ya duka hilo. Jaketi yako ya mitumba huenda bado ina lebo ya duka la ng'ambo, imeshonwa ndani ya mshono. Ndiyo maana msee mwingine hupigiwa kengele akiingia, hata kabla hajagusa kitu!

Zipo lebo zenye akili kidogo, zenye chipu na namba yake, zinazosomwa kwa MHz 865 hadi 868 kule Ulaya na MHz 902 hadi 928 Marekani. Hizo zinaweza kuambia duka ni suruali gani imetoka. Hizi za kawaida haziwezi.

Kwa hivyo ikilia, usikimbie na usirushe maneno. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, pamoja na mwili na mali yako visipekuliwe ovyo. Kengele peke yake si ushahidi wa wizi. Toa risiti, kisha uombe bidhaa zipitishwe katikati ya nguzo moja baada ya nyingine, wewe ukiwa umesimama mbali. Itakayolia irudishwe kwenye pedi ya keshia. Zote zikinyamaza, vua jaketi, ipitishe nayo.