Sayansi ya Mtayarishaji wa Vyombo vya Upasuaji

Mji wa Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, una hospitali ya wilaya. Mgonjwa anayehitaji tiba kubwa zaidi hana budi kungoja ndege, au kuvuka bahari hadi Nyamisati kwa safari ya saa kadhaa. Mama ambaye mtoto amekwama tumboni hana saa hizo. Yafaa apasuliwe papo hapo, na apasuliwe kwa usalama.

Wengi wetu tukisikia neno upasuaji humfikiria daktari na kisu chake. Ni wachache wamfikiriao yule asimamaye kando yake, aliyevitakasa vyombo, akavipanga na kuvihesabu, na sasa anavikabidhi kimoja kimoja. Nchini Marekani kazi hiyo ni fani kamili, nayo hufundishwa katika vyuo vya jamii kwa mwaka mmoja au miwili. Kwetu aghalabu hufanywa na muuguzi aliyejifunza kazi za chumba cha upasuaji. Msingi wa elimu yake ni fizikia na biolojia zile zile zifundishwazo sekondari.

Kwa nini kuchemsha hakutoshi

Mwaka 1867 daktari Mwingereza Joseph Lister alitangaza kwamba vidonda vilivyotiwa dawa ya kaboliki havikuoza kama vingine. Tangu hapo vijidudu vikawa adui anayejulikana. Lakini baadhi ya bakteria, kama wa pepopunda, hujigeuza kuwa spora, yaani hali ya usingizi ndani ya ganda gumu, na spora huweza kustahimili maji yachemkayo. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi, wala hayapandi zaidi hata moto ukiongezwa.

Dawa yake ni kuufungia mvuke. Mwaka 1879 Mfaransa Charles Chamberland, msaidizi wa Louis Pasteur, alibuni chombo kiitwacho otoklevu. Mgandamizo ndani yake ukifikia takriban mara mbili ya ule wa hewa ya kawaida, mvuke hufikia nyuzi 121, na spora hufa kwa muda wa dakika 15 hivi.

Hapo ndipo ujuzi unapohitajika. Hewa ikibaki ndani, kipimo cha mgandamizo huweza kuonyesha kuwa mambo ni sawa ilhali joto halijatosha. Vifurushi vikibanana, mvuke haupenyi. Vikitolewa vingali na unyevu, vijidudu hupita katika kitambaa kilicholowa. Makosa hayo hayaonekani kwa macho siku ile. Hujitokeza baadaye, kidonda kinapotunga usaha.

Kuhesabu nako ni tiba

Shashi iliyolowa damu hufanana na nyama, na ni rahisi kusahauliwa tumboni. Kwa hiyo shashi, sindano na koleo huhesabiwa kabla ya upasuaji, na tena kabla ya kidonda kufungwa. Hesabu isipolingana, muuguzi hutamka, na daktari husimama.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti, hesabu hiyo ikiwa mojawapo. Orodha ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa ya Ifakara, hapa Tanzania. Kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hapakuhitajika mashine mpya.

Jaribio la darasani

Tieni maji ya maharage yaliyochujwa katika chupa mbili. Moja ichemsheni dakika 15, kisha zote mbili zizibeni kwa pamba. Zitazameni kwa siku tano bila kuonja. Mwishoni mimineni dawa ya klorini ndani yake kabla ya kuzimwaga. Chupa isiyochemshwa itatibuka mapema. Ikiwa ile iliyochemshwa nayo imetibuka, msiseme jaribio limeharibika. Waulizeni wanafunzi ni kiumbe gani kingeweza kupona ndani ya maji yaliyochemka, na kwa nini hospitali ya Kilindoni haiwezi kutegemea sufuria.