Kuzima Jeni za Wadudu Waharibifu

Mahindi ya Mbulu na Hanang yakiwa shambani hushambuliwa na viwavijeshi vamizi, walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Yakiwa ghalani huliwa na dumuzi. Je, jeni za wadudu hawa zaweza kuzimwa?

Jeni hutoa nakala ya maagizo, yaani RNA mjumbe, ili seli itengeneze protini. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kutumia mnyoo, kwamba RNA ya nyuzi mbili huifanya seli iiharibu nakala hiyo. Mdudu akila RNA inayolingana na jeni muhimu, hukosa protini yake na kufa.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo dhidi ya mbawakawa wa viazi. Viwavi, hata hivyo, huimeng'enya RNA upesi tumboni. Dumuzi ni mbawakawa. Huenda yeye akashindwa kwanza.